Mjadala: Jezi ya taifa apewe gwiji kwa heshima ya jina, au kwa mbio za mwaka huu?

Mleta mada

Tangu Eliud Kipchoge, gwiji wa marathoni wa Kenya, amalize wa 17 pale New York Novemba 2025, kwa saa 2:14:36, watu wanarushiana maneno. Huku "astaafu, anajiaibisha", kule "mwacheni mzee wetu akimbie". Naona tunagombania mambo mawili tofauti tukidhani ni moja.

Kipchoge kwenda New York, Sydney au London ni mapatano yake na waandaaji. Wanamwalika kwa sababu jina lake linaleta watu barabarani na wadhamini mezani. Akimaliza wa 17, hakuna chipukizi aliyekosa nafasi kwa ajili yake. Hapo sina neno, hata akikimbia mpaka apate vitukuu.

Ninachotaka tujadili ni jezi ya taifa. Kwenye marathoni ya Olimpiki kila nchi inapeleka wanaume watatu na wanawake watatu tu. Muda wa kufuzu Paris 2024 ulikuwa saa 2:08:10, na Kenya ina wanaume tele wenye muda bora kuliko huo. Machi mwaka ule pale Tokyo, Benson Kipruto alishinda kwa 2:02:16, Timothy Kiplagat akawa wa pili kwa 2:02:55. Kipchoge alikuwa wa kumi, 2:06:50. Timu ilipotangazwa ikawa Kipchoge, Kipruto na Alexander Mutiso Munyao aliyekuwa ameshinda London mwezi Aprili. Kiplagat akawekwa akiba.

Tarehe 10 Agosti mgongo ukamshika Kipchoge mapema. Baada ya kilomita ya 30 akaanza kutembea, akapanda gari. Kipruto ndiye aliyerudi na shaba. Na dhahabu? Tamirat Tola wa Ethiopia, ambaye naye alikuwa mtu wa akiba! Aliingia timuni baada ya Sisay Lemma kuumia, akakimbia 2:06:26. Akiba wa Ethiopia kachukua dhahabu, akiba wa Kenya hakupata hata kufunga kamba za viatu.

Msimamo wangu: gwiji ajengewe sanamu, apewe barabara, uwanja uitwe jina lake. Lakini jezi ya taifa si zawadi ya utumishi mrefu. Karibuni, najua nitarushiwa mawe.

Bendera Juu

Mleta mada una tarakimu nyingi na shukrani kidogo. Huyu ni mtu wa tatu tu kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, baada ya Abebe Bikila na Waldemar Cierpinski. Paris alikuwa anatafuta ya tatu, jambo ambalo hakuna binadamu amewahi kulifanya. Nchi ikimnyima nafasi hiyo ili kumpa kijana ambaye pengine angemaliza wa nane, ungekuwa wa kwanza kuja hapa kulalamika.

Halafu mna usahaulifu. Oktoba 2020 London alimaliza wa nane, 2:06:49, sikio limeziba. Mkaandika "ameisha". Agosti iliyofuata, marathoni ya Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo, akawaacha wote kwa dakika moja na sekunde 20. Septemba 2022 akavunja rekodi yake ya dunia Berlin, 2:01:09. Ng'ombe hazeeki maini, ndugu yangu.

Kona ya Nne

Maini hayazeeki, sawa. Anakimbilia maini?

Dakika Tisini

😂😂 Kona ya Nne umeua.

Sisi wa mpira tunalijua hili. Kombe la Dunia 2022 Ureno ilimweka benchi Ronaldo, Gonçalo Ramos akaingia akafunga matatu, Uswisi ikala sita. Euro 2024 Ronaldo akaanzishwa tena, mechi tano hana bao. Huyo Ramos muda mwingi alikuwa anapasha misuli pembeni. Jina kubwa timuni ni gharama, na anayeilipa ni kijana aliyekaa nyuma yake.

Bendera Juu

Malizia hadithi basi. Juni 2025, fainali ya Ligi ya Mataifa dhidi ya Hispania, nani alisawazisha ikawa 2-2? Ronaldo, ana miaka 40. Ureno ikabeba kombe kwa penalti. Mnachagua sura zinazowafaa.

Dakika Tisini

Hapo sina jibu, mkuu. Nitarudi.

Ringini

Mada nzuri. Wapenda ngumi tumeishi nayo muda mrefu. Oktoba 1974 Muhammad Ali alikwenda Kinshasa akiwa na miaka 32, na karibu kila mtu alisema George Foreman atamuumiza. Raundi ya nane Ali akamlaza. Oktoba 1980 akapanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, na safari hii waliosema ameisha walisema kweli. Holmes alikuwa anampiga huku kama anamwonea huruma. Baada ya raundi ya kumi Angelo Dundee, kocha wa Ali, akasema basi.

Watu walewale, maneno yaleyale: mara moja wamekosea, mara moja wamepatia. Na Foreman aliyelala Kinshasa akaja kuwa bingwa wa dunia tena Novemba 1994 akiwa na miaka 45. Kwa hiyo mimi "ameisha" ya mashabiki siiamini, na "bado yupo" yao siiamini pia. Angalau kwenye riadha mtu hapigwi kichwani. Kipchoge akikimbia vibaya anapoteza nafasi, Ali alipoteza afya.

Mwalimu wa Mazoezi

Niweke elimu kidogo, nisiwachoshe. Mpigo wa juu kabisa wa moyo hushuka taratibu kadiri umri unavyosonga, na hakuna mazoezi yanayouzuia. Moyo ukipiga mara chache, oksijeni inayofika misulini kwa dakika inapungua. Nyuzi za misuli zenye kasi hutangulia kupungua, ndiyo maana mtu wa mita 100 anazeeka mapema kuliko mtu wa marathoni. Usain Bolt alikuwa na miaka 30 tu London 2017 alipoambulia shaba kwa sekunde 9.95, halafu kwenye mbio za kupokezana msuli ukamwangusha.

Marathoni inavumilia zaidi. Carlos Lopes wa Ureno alishinda Olimpiki ya 1984 akiwa na miaka 37, mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia Rotterdam, 2:07:12. Haile Gebrselassie alikuwa na 35 alipokimbia 2:03:59 Berlin 2008. Kipchoge huyohuyo, ile rekodi ya 2022 aliiweka na miaka 37. Kwa hiyo kumwambia mtu "una miaka 39, kaa chini" si hoja ya kitaalamu.

Kinachoondoka kimyakimya ni kupona. Kijana anakimbia kilomita 40 Alhamisi, Jumamosi yuko sawa. Mkongwe anazimaliza kilomita zilezile, kwa muda uleule, lakini mwili bado unazidai Jumatatu. Mtazamaji kambini haoni tofauti yoyote. Hata yeye mwenyewe anaweza asiione, kwa sababu daftari lake la mazoezi linaonyesha tarakimu zilezile za mwaka aliovunja rekodi. Inaonekana siku ya mbio, baada ya kilomita ya 30, mwenzake anapobadilisha kasi ghafla. Mbio za kasi moja bado anaziweza sana. London Aprili 2025 alikuwa wa sita kwa 2:05:25. Watu wangapi duniani wanakimbia hivyo wakiwa na miaka 40?

Mnandi wa Mombasa

Mwalimu, ongeza milima. Boston 2023 wa sita, 2:09:23. Paris hakumaliza. New York wa 17. Kote huko kuna vilima, na njia ya Paris kwenda Versailles na kurudi ilikuwa na kupanda kwa mita 436 kwa jumla. Kipchoge ni mtu wa Berlin, barabara tambarare na waweka kasi mbele. Hakuzeeka, alipelekwa kwenye njia isiyo yake.

Mwalimu wa Mazoezi

Boston nakubaliana nawe nusu. Lakini Tokyo 2024 haina mlima wa kumsingizia, na alikuwa wa kumi.

Dada wa Mbio

Hiyo Tokyo mnaitaja kama karatasi ya mtihani, jamani. Kelvin Kiptum, kijana aliyevunja rekodi ya dunia ya Kipchoge mwaka 2023, alifariki tarehe 11 Februari 2024 kwenye ajali barabara ya Eldoret na Kaptagat, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Tokyo ilikuwa wiki tatu baadaye. Wiki hizo watu wasio na haya waliandika mitandaoni kwamba Kipchoge anahusika, bila chembe ya ushahidi, na yeye alikuja kueleza baadaye jinsi familia yake ilivyoishi kwa hofu. Mtu wa namna hiyo anasimama kwenye mstari wa kuanzia, kisha mnahesabu sekunde zake mnasema umri! Waliomtukana ni sisi sisi mashabiki. Leo tumevaa koti la wachambuzi.

Na hiyo "fomu ya mwaka huu" isifanywe dawa ya kila ugonjwa. Peres Jepchirchir alishinda London Aprili 2024 kwa 2:16:16, wakati huo rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Fomu gani zaidi ya hiyo? Agosti Paris akamaliza wa 15. Septemba 2025 Tokyo akawa bingwa wa dunia. Kwa kanuni ya mleta mada, baada ya Paris angeachwa.

Wakati huo Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa 2011 na 2013, alikuwa wa tatu Boston Aprili 2024. Alikuwa na miaka 44. Sijaona mjadala mrefu hivi juu yake, wa kumsifu wala wa kumstaafisha.

Mleta mada

Dada, la Kiptum sina la kubishana nawe. Walioandika yale waliaibisha wapenda riadha wote.

Ila la Jepchirchir naona linaniunga mkono. Sikusema fomu inahakikisha medali, maana hakuna kinachohakikisha medali. Nilisema kama lazima ukosee, kosea ukiwa na sababu unayoweza kuisoma hadharani. Jepchirchir alipelekwa Paris kwa mbio alizoshinda miezi minne kabla. Ukimuuliza aliyebaki nyumbani kwa nini amebaki, jibu lipo, limeandikwa London. Sasa mpe jibu Timothy Kiplagat aliyemtangulia Kipchoge kwa karibu dakika nne Tokyo.

Bendera Juu, na wewe hukuisoma 2021 vizuri. Baada ya London kumwendea vibaya, Kipchoge hakukaa akisubiri jina limbebe. Aprili 2021 alikwenda Enschede, Uholanzi, akashinda kwa 2:04:30. Alionyesha kwanza, ndipo akaenda Sapporo. Kabla ya Paris alionyesha wapi?

Bendera Juu

Berlin, Septemba 2023. Alishinda kwa 2:02:42. Au hiyo imefutwa?

Mleta mada

Haijafutwa. Ni miezi 11 kabla ya Paris, na Tokyo ni ya karibu zaidi. Lakini nakubali ni hoja. Kama kamati ingesimama ikasema "tunahesabu kuanzia Septemba 2023", ningenyamaza. Haya ya kutuachia tubahatishe ndiyo yanayoleta maneno.

Jirani wa Kaptagat

Mnazungumza juu ya Kenya kwa tarakimu, niwape ya huku barabarani. Alhamisi alfajiri, kabla ukungu haujaondoka, unasikia viatu kabla hujawaona watu. Kundi linapita, hakuna anayezungumza, udongo mwekundu umewapanda mpaka magotini. Nyuma ya kundi, mbali kidogo, huwa kuna wawili watatu ambao si wa kambi yoyote. Wanajishikiza tu wapate kasi ya bure. Mmoja wao amepanga chumba karibu na kwetu na wenzake wawili. Viatu vyake vimechanika kidole gumba, amevishona kwa uzi wa gunia. Anasubiri meneja yeyote amwone, apate kazi ya kuweka kasi kwenye mbio ndogo Ulaya.

Huyo ukimuuliza habari za Kipchoge hatasema neno baya. Anamwabudu. Lakini muulize timu inachaguliwaje, utamwona anaangalia chini. Anajua mchujo wa mbio za uwanjani: unakuja Nairobi, unakimbia, wanaoingia wanaingia, na aliyeshindwa ameona kwa macho yake. Marathoni hakuna siku hiyo. Ni majina yanasomwa na kamati. Atafanya mazoezi kuelekea nini?

Mimi Kipchoge sina kesi naye. Hakujichagua.

Wa Singida

Naomba kuingiza Tanzania. Alphonce Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, akachukua shaba ya dunia London 2017, wa saba Sapporo, halafu Paris 2024 wa 17. Watu wakaguna, wakasema zama zake zimepita, tutafute wengine. Septemba 2025 Tokyo akaingia uwanjani akimfukuza Mjerumani Amanal Petros, wakafika mstari pamoja, wote 2:09:48, ikabidi picha iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na mtu ana miaka 33. Wangemtundikisha viatu baada ya Paris tungeiona wapi?

Kona ya Nne

Kaka, kwanza hongereni. Pili, Simbu Aprili ile alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Hakwenda Tokyo kwa kuonewa huruma.

Wa Singida

Hapo umenishika. Ila sisi shida yetu ni nyingine kabisa. Nyinyi mnagombana nani aachwe, sisi tunatafuta nani wa kumweka. Tunaye Gabriel Geay, aliyekuwa wa pili Boston 2023, mbio zilezile Kipchoge aliposhika nafasi ya sita. Baada ya hapo orodha inakuwa fupi. Kwetu mkongwe haombwi apishe, anaombwa asichoke.

Ringini

Mnamkumbuka Ezekiel Kemboi wa Kenya? Rio 2016 kamaliza wa tatu kuruka viunzi na maji, akawaambia waandishi anastaafu. Saa chache baadaye Wafaransa wakakata rufaa kwamba alikanyaga nje ya mstari, shaba ikaondoka. Kemboi akafuta kustaafu palepale! Mwaka uliofuata London akawa wa 11. Kustaafu kwa bingwa msikuamini mpaka mpite miaka miwili.

Bendera Juu

😂 Huyo alikuwa na haki ya hasira.

Lakini turudi. Mleta mada, hujajibu kitu kimoja. Umemwona Kipchoge Paris akitembea? Watu walishuka kutoka pembeni mwa barabara wakatembea naye, mamia. Akawagawia namba, viatu, soksi. Gwiji anashindwa na bado dunia inatembea naye. Mwanariadha mwingine yeyote wa Kenya akijitoa, anapanda gari la kukusanya watu na hakuna anayegeuka. Hicho si kitu kwa nchi? Bendera ya Kenya siku ile ilionekana kuliko kama tungekuwa na mtu wa sita.

Mleta mada

Ni kitu, na kilinigusa. Lakini hukipati kwa kupanga. Kamati haiwezi kukaa ikasema "tumpeleke huyu, akishindwa atashindwa vizuri".

Na kwa kuwa umenichokoza, nilikuwa nimeiweka hii akiba. Kipchoge mnayemtetea alitengenezwa na mchujo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 pale Paris, akiwapiga Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Akaongeza shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012 alikwenda kwenye mchujo wa Kenya akiwa na hayo yote kifuani, akamaliza wa saba. Hakuna aliyesema "huyu ni bingwa, tumwekee kiti". Hakwenda London. Aprili 2013 akajaribu marathoni Hamburg, akashinda kwa 2:05:30. Yaliyofuata mnayajua mpaka Vienna 2019, alipomaliza marathoni kwa 1:59:40.

Wangempa kiti 2012 kwa heshima ya 2003, huenda angeendelea kuzunguka uwanjani akipigwa na watoto mpaka viatu viishe. Kumwambia hapana hakukuwa dharau. Kwa nini 2024 ilikuwa vigumu?

Mnandi wa Mombasa

Hiyo ya 2012 nilikuwa nimeisahau kabisa. Leo umenipata.

Dada wa Mbio

Hoja nzuri, ila 2012 palikuwa na mchujo wa kumkatalia. Nani alimwambia hapana? Saa. Marathoni huna hicho kitu, kama alivyosema Jirani. Wamarekani wanafanya, walikimbia Orlando Februari 2024, watatu wa kwanza wakaenda. Lakini mkimbiaji mkubwa wa Kenya anakimbia marathoni mbili kwa mwaka, na mkataba wa London au Boston ndio unaomlipia ada za watoto. Umwambie aache Aprili aje kukimbia Eldoret bure? Nani atamlipa?

Mleta mada

Hatalipwa, kwa hiyo hatakuja. Mchujo wa siku moja kwa Kenya haufai, nakubali. Ninachopendekeza ni dirisha. Shirikisho litangaze mwaka mmoja kabla: mbio kuanzia tarehe fulani Septemba mpaka mwisho wa Aprili ndizo zitakazohesabiwa, na mbio gani. Viti viwili vijazwe kwa matokeo ya ndani ya dirisha hilo bila mjadala. Kiti cha tatu kamati ichague, kwa sababu kuna mambo saa haiyaoni, kama milima, joto, msiba. Lakini sababu iandikwe na isomwe siku ya kutangaza timu. Na mtu wa akiba afanye mazoezi na timu mpaka wiki ya mwisho, kama anakwenda.

Jirani wa Kaptagat

Hata hilo la tarehe tu lingetosha kwa huyu kijana wetu. Angejua ni mbio gani ajiuze.

Bendera Juu

Sawa, dirisha lako nalinunua. Sasa swali. Los Angeles 2028 Kipchoge atakuwa na miaka 43. Tuseme ndani ya dirisha anakimbia Berlin na kuwa wa pili kati ya Wakenya wote. Mtasema mzee apishe?

Mleta mada

Anakwenda, na mtu asinyanyue mdomo.

Kona ya Nne

Na akiwa wa nne, kile kiti cha tatu?

Bendera Juu

Hapo tutarudi hapahapa tugombane.

Mleta mada

Akiwa wa nne, yule wa tatu ndiye anayekwenda, isipokuwa kamati isome sababu hadharani, na isiwe "ametuletea heshima".